Bodi Inayosikia Habari Mwisho

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya Marekani kwa siku 90. Kabla mwezi haujaisha, mashirika yaliyoitegemea yaliagizwa kusitisha kazi. Pigo hilo lilizifikia Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, kaunti zenye viwango vya juu kabisa vya virusi vya Ukimwi nchini Kenya. Ghafla kila mkurugenzi alidaiwa jibu na bodi yake: akiba italipa mishahara ya miezi mingapi?

Swali zuri. Lilichelewa tu.

Vikao vya bodi tunavijua. Taarifa ya kurasa sitini inagawiwa wajumbe wakiwa wamekwisha kuketi, chai ikimiminwa. Mhasibu anasoma tarakimu mbiombio. Mwenyekiti anatazama saa kwa sababu anatarajiwa matangani Siaya kabla ya jioni. Wanapitisha, wanatia sahihi za marupurupu, wanatawanyika. Jumatatu mwenyekiti huyohuyo anampigia dereva simu, amuulize gari la shirika limelala wapi. Akiba ya shirika imempita. Mafuta ya gari ameyakamata.

Mkurugenzi naye ana lake. Anayemlipa ni mfadhili, na ripoti za robo mwaka humwendea mfadhili. Bodi kwake ni majina ya kujazia fomu ya usajili, na pengine aliyachagua mwenyewe.

Ufukweni Dunga, mwendo mfupi kutoka mjini Kisumu, hali ni nyingine. Kwa kanuni za 2007, kamati ya usimamizi wa ufuo huwa na watu 9 hadi 15, wakiwemo wanawake wasiopungua watatu, na huchaguliwa na wenye mitumbwi, mabaharia na wachuuzi wenyewe. Si kwamba huko pesa hazipotei. Ila mama wa omena humkuta mwenyekiti pale pale alfajiri, akamuuliza.

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilitiwa sahihi Januari 2013, ikaanza kutumika Mei 14, 2024, na iliyataka mashirika yaliyosajiliwa kwa sheria ya 1990 yajisajili upya. Wakati wa kujaza fomu za usajili, katiba nazo zifunguliwe: mjumbe akae miaka mingapi, nani ampime mkurugenzi, na taarifa ziwafikie wajumbe siku saba kabla ya kikao. Habari mbaya mkurugenzi ampe mwenyekiti siku anayoipata. Ajenda ya kwanza iwe akiba. Gari lingoje mengineyo.