Wakanda haina mchimbaji



Juzi mu chumba cha video kule Mangobo walionyesha tena Black Panther, filme ya Ryan Coogler ya mwaka 2018. Batoto walipiga makofi wakati mfalme T'Challa aliruka na nguo yake nyeusi. Na mimi nilipiga, sitadanganya. Halafu mtoto wangu akauliza: « Papa, mu mlima ya Wakanda, nani anachimba? » Nikanyamaza.

Ni kweli. Vibranium iko kila pahali: mu nguo, mu ndege, mu dawa. Mwizi Klaue anaiiba. Mfalme na binamu yake Killmonger wanapigana: ibaki kwao, ao ikomboe weusi wa dunia nzima? Hiyo ni politike, tena ya maana. Lakini hakuna mchimbaji hata mmoja anayesimama kusema: mikono yangu ndiyo iliitoa.

Wengine watasema: ni filme tu, ya kuchekesha batoto. Wakubwa hawaoni vile. Mwaka 2023 Sébastien Lecornu, waziri wa jeshi wa Ufaransa, alilalamika waziwazi juu filme ya pili ilionyesha mamluki wenye nguo sawa na ya askari wake, wakija kuiba vibranium kule Mali. Kama waziri anakasirikia hadisi, hadisi iko na nguvu.

Sisi wa Kisangani tunajua. Mwezi wa 6 mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita mu muji wetu, na almasi haikuwa mbali na ile vita. Hakuna shujaa aliyeshuka toka juu kutuokoa.

Mwaka ule ule wa filme, mwezi wa 3, sheria ya madini ya inchi yetu ilibadilishwa. Inasema hivi: mu redevansi inayolipwa na makampuni, 25% ni ya jimbo, 15% ni ya komini, sekta ao sheferi kwenye madini inatoka. Sheria haina nguo ya kung'aa, lakini ndiyo silaha tuko nayo. Nani kati yetu ameisha kuuliza burgumestre ao shefu wa sekta: ile franka iko wapi? Mtu mmoja akiuliza, wanamutisha. Tuandike barua moja, na sahihi zetu wote, bamama pia.

Mtoto akirudia kuuliza nani anachimba, nataka nimujibu: ni sisi, na tunajua pesa inaenda wapi.