Tanga: Tani Zinaongezeka, Ujira Je?

Kwa miaka mingi Tanga ilizungumzwa kama mji wa kale: viwanda vilivyokuwapo, mkonge uliokuwapo, treni iliyokuwapo. Siku hizi habari zimegeuka. Bandari imeongezwa kina na kujengewa gati jipya lenye urefu wa mita 450, kwa mradi uliogharimu Sh bilioni 429.1. Kaskazini kidogo mwa jiji, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Viongozi wakisimama jukwaani hutaja tani, mita na mabilioni. Ni nadra kusikia mmoja wao akieleza kibarua wa Mabawa au mchuuzi wa Ngamiani anarudi nyumbani na shilingi ngapi, na kama ni zaidi ya alizopata miaka mitano iliyopita.

Hilo ndilo swali linalostahili kuulizwa sasa, kabla furaha ya miradi haijawa mazoea. Hoja yangu ni kwamba Tanga imewahi kupata neema iliyopimwa kwa tani, na tani hizo hazikuwatajirisha waliozizalisha. Jiji likiendelea kutumia kipimo kilekile, litapata majibu yaleyale.

Tuanze na watu wenyewe. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 273,332 katika Jiji la Tanga. Sensa ya 2022 ilikuta takriban 393,000. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 40 katika miaka kumi, wakati mkoa mzima uliongezeka kwa asilimia 28 hivi. Jiji linakua haraka kuliko wilaya zinazolizunguka, na sehemu ya tofauti hiyo ni vijana walioteremka kutoka Lushoto, Korogwe, Muheza na Handeni kutafuta riziki.

Wanapofika wanakuta ajira za mshahara zinahesabika: bandari, viwanda vya saruji vya Pongwe na Maweni, viwanda vya chokaa vya Amboni, kiwanda cha maziwa, Hospitali ya Bombo, shule, benki na ofisi za Serikali. Waliobaki, nao ndio wengi, wanaishi kwa bodaboda, uvuvi, ujenzi, genge, mama lishe na vibarua vya siku. Hawa kitakwimu si watu wasio na kazi. Kwa kipimo cha kimataifa, mtu aliyefanya kazi hata saa moja katika wiki ya utafiti anahesabiwa ameajiriwa. Tanzania ina tafsiri yake iliyo kali zaidi, inayowaweka miongoni mwa wasio na ajira wale ambao kazi yao ni haba na haina uhakika. Lakini hata tafsiri hiyo inatuambia nani ana shughuli na nani hana. Haituambii shughuli hiyo inalipa nini. Dereva wa bodaboda anayeamka alfajiri, akampa mwenye pikipiki hesabu yake, akanunua mafuta na kubaki na fedha ya unga, yumo katika safu moja na mhasibu wa benki.

Ndiyo maana katika mji kama huu mwenendo wa ajira na mwenendo wa kipato vinaweza kwenda njia mbili tofauti. Ajira inaweza kupanda mwaka hadi mwaka huku kila mmoja akigawana na jirani yake wateja walewale. Bodaboda kumi zikiongezeka kwenye kijiwe ambacho abiria hawajaongezeka, takwimu zitaonyesha ajira kumi mpya, ilhali kijiweni wataona siku imekuwa ndefu na mfuko mwepesi.

Historia ya mkoa inalionyesha jambo hili waziwazi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ndani ya miongo michache Tanganyika ikawa kinara wa dunia. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia kilele cha takriban tani 230,000. Nyuma ya tani hizo walikuwapo manamba, waliokusanywa kutoka Kigoma, nyanda za kusini na hata nje ya mipaka, wakifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, kabla ya kulipwa. Utajiri wa Tanga ulionekana katika majengo ya mjini na katika meli bandarini, si katika makambi ya wakata mkonge. Bandarini kwenyewe mambo hayakuwa bora sana: mwaka 1939 makuli wa Tanga waligoma kwa sababu ya malipo.

Kuna funzo jingine la wakati huo ambalo halitajwi sana. Kima cha chini cha mshahara kilipopandishwa mapema miaka ya 1960, wenye mashamba walipanga upya kazi zao na kupunguza vibarua, lakini tani hazikushuka. Kilele cha uzalishaji kilikuja wakati idadi ya wafanyakazi ikiwa imeanza kupungua. Baadaye nyuzi za plastiki ziliangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na sekta ikaporomoka hadi kubaki kivuli chake. Waliobaki na kazi walibaki na ujira mdogo. Hata mwaka 2023 kilimo kilikuwa karibu na mkia wa orodha ya kima cha chini: amri iliyoanza kutumika Januari mwaka huo ilikiwekea Sh 140,000 kwa mwezi.

Kipindi ambacho wazee wa Tanga hukikumbuka kwa heshima ni kile cha viwanda. Kiwanda cha mbolea kilianza uzalishaji mwaka 1972. Kulikuwa na kiwanda cha chuma, vya mbao, vya sabuni na vya kamba. Sisemi vilikuwa na ufanisi mkubwa. Cha mbolea kilitegemea malighafi kutoka nje, na mwaka 1991 kilifungwa. Lakini vilikuwa na sifa moja ambayo mkonge haukuwa nayo na ambayo vijiwe vya leo havina: mtu wa kawaida mwenye elimu ya kawaida alipata mshahara wa kila mwezi, akajenga, akasomesha. Vilipofungwa, Tanga haikupoteza ajira tu, ilipoteza ngazi ya kati ya kipato. Jiji lilibaki na wachache juu na wengi chini.

Je, bandari na bomba vitairudisha ngazi hiyo? Hapa inafaa kuwa waadilifu. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, mizigo ikashushwa kwenye matishari, kisha ikashushwa tena nchi kavu. Ilikuwa kazi ya gharama na ya kuchosha, na iliwafukuza wateja. Sasa meli zinafunga gatini, na uwezo wa bandari umepangwa kupanda kutoka tani 750,000 hadi milioni 3 kwa mwaka. Hakuna mchumi makini atakayesema ni hasara. Mawakala wa forodha, madereva wa malori, mafundi gereji, wenye nyumba za wageni na mama lishe wote wamepata sababu ya kutabasamu.

Lakini ubora wa gati jipya ni huohuo: tani moja inahitaji mikono michache kuliko zamani. Mzigo ulioshikwa mara mbili sasa unashikwa mara moja, tena kwa mashine. Bomba nalo ni hivyohivyo. Miradi ya aina hiyo huita maelfu wakati wa kuchimba na kuchomelea, kisha hubakiza mamia ya kuendesha. Watu wa Tanga wana usemi wao maarufu, waja leo waondoka leo. Kontena linaloshushwa asubuhi na kupandishwa lori jioni kwenda Arusha au Kigali linautimiza usemi huo kikamilifu, na kinachobaki mjini ni vumbi, tozo na sahani chache za wali.

Sasa tuangalie upande usiopigiwa ngoma. Tangu miaka ya 1980 mradi wa ng'ombe wa maziwa uliendelezwa kwa wafugaji wadogo wa Tanga, Muheza na Lushoto. Mwaka 1993 vyama vyao vya ushirika viliunda chama kikuu, TDCU, na katikati ya muongo huo kikaanzishwa kiwanda cha Tanga Fresh, ambamo wafugaji hao waliingia kama wanahisa. Mfumo wenyewe ni rahisi: mfugaji anapeleka maziwa kituoni, chama kinakusanya, kiwanda kinanunua na kusindika. Una matatizo yake, kuanzia ukame unaokausha malisho hadi maziwa ya unga kutoka nje. Lakini kila lita inayosindikwa Tanga imelipa mfugaji, mkata majani, mwenye baiskeli ya kubeba madumu, mtaalamu wa mifugo na mfanyakazi wa kiwandani, na fedha hiyo inazunguka hapohapo.

Linganisha na machungwa ya Muheza, yanayoondoka mabichi, mengi yakivuka mpaka wa Horohoro kwenda Kenya, huku bei ikiamuliwa na mnunuzi aliyekuja na lori lake. Mkulima analazimika kuuza kwa sababu tunda haliwezi kungoja. Maziwa yalipata kiwanda na chama. Machungwa hayajapata, na tofauti ya kipato inaanzia hapo.

Wapo watakaosema kwamba tani hutangulia na ujira hufuata, hivyo tuwe na subira. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli: bila biashara hakuna cha kugawana. Lakini ujira haufuati wenyewe. Katika mkonge haukufuata kwa miaka sabini, mpaka vyama vya wafanyakazi na Serikali walipoulazimisha, na ulipolazimishwa bila maandalizi wengi walipunguzwa. Kwa hiyo dawa si kupandisha kima cha chini kwa tamko tu, wala si kungoja. Dawa ni kuongeza kazi zenye thamani kati ya gati na barabara kuu.

Halmashauri ya Jiji ina nyenzo. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Badala ya kuigawa mikopo hiyo kwa vikundi vinavyofanya biashara ileile, sehemu yake ielekezwe kwa shughuli zinazoihudumia bandari na kusindika mazao: karakana, vyumba vya baridi, ukamuaji wa matunda, ufungashaji. Vyuo vya ufundi vifundishe uendeshaji wa mitambo ya bandari na uchomeleaji wa viwango vinavyokubalika katika miradi mikubwa, ili mkandarasi asipate kisingizio. Tena jiji hili linajua kukusanya mtaji likiwa na hesabu safi: mwaka 2024 mamlaka yake ya maji iliuza hatifungani ya kijani ya Sh bilioni 53.12.

Zaidi ya yote, kipimo kibadilike. Kila mwaka, pamoja na idadi ya tani, Halmashauri na bandari zitangaze mambo matatu: ni wakazi wangapi wa Tanga wameajiriwa katika miradi hii, kwa mikataba ya muda gani, na kwa wastani wa mshahara upi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekwisha fika, tena na mitambo yake. Madiwani wa Tanga wana wajibu wa kuonyesha, kwa namba zinazosomeka, kama mwenyeji anapona.