Adhabu Haiui Mashindano

Mwandishi wenu anadai kumwadhibu mpanda farasi aliyezidisha viboko ni kuua mashindano. Si kweli. Norwei ilikataza kumchapa farasi ili aongeze mbio tangu 1982, na mashindano yanaendelea. Nchini Uingereza, tangu 2023, ukomo ni viboko 6 katika mbio zisizo na viunzi. Mpanda farasi akizidisha vinne, farasi hufutwa kwenye matokeo. Hapo ndipo adhabu inauma, maana faini pekee mshindi huilipa kwa zawadi ileile.

Adhabu inayouma inahitajika pia hapa Mbale, Industrial Division, ambako ng'ombe hushushwa kwenye lori kwa fimbo za mgongoni na kusokotwa mkia. Sheria ya Uganda inakataza ukatili huo. Itekelezwe! Mnyama aliyechoka hana deni la kulipa kwa ngozi yake.