Jina la Mwana Si Utamu wa Sauti Pekee

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Hata hivyo, wazazi wengi wa siku hizi hawatafuti jina jema bali jina adimu. Hivi majuzi kaka yangu alijaliwa binti, mwanawe wa kwanza. Akanijia mimi mwanafunzi wa lugha nimwauni kupata jina la Kigiriki ambalo hakuna mtoto mwingine kijijini aliye nalo. Tayari alikuwa amependekeza mawili: Persephone na Cassandra. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba yanapendeza masikioni.

Msimamo wangu ni kwamba uadimu peke yake si sifa ya jina. Jina ni neno, na neno lina maana na historia. Katika visasili vya Wagiriki, Persephone ni binti aliyenyakuliwa na Hades, mungu wa kuzimu, akafanywa malkia wa wafu. Naye Cassandra, binti wa mfalme wa Troy, alipewa kipawa cha kutabiri, kisha akalaaniwa asiaminiwe na yeyote. Je, ni mzazi gani angempa mwanawe jina la Kiswahili lenye kisa kama hicho?

Sidai kwamba majina ya Kigiriki hayafai. La hasha! Mengi yana maana adhimu: Irene ni amani, Sophia ni hekima, Zoe ni uhai, Theodora ni zawadi ya Mungu, na Calliope ni mwenye sauti nzuri. Paraskevi, jina ambalo ni nadra kusikika huku kwetu, ndilo neno lilelile linalotaja siku ya Ijumaa. Msomaji atamkumbuka Mwanajuma wa pwani yetu.

Aidha, Wagiriki wenyewe hawakuyahifadhi majina haya kwa kusaka yaliyo adimu. Kwa desturi yao, mtoto hurithi jina la babu au nyanya yake, na katika sehemu nyingi binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba. Msomaji Mkikuyu atatabasamu, kwani ndiyo desturi ya kwao pia. Jina kama Paraskevi limedumu kwa kupokezwa kutoka kwa nyanya hadi kwa mjukuu. Anayelitwaa jina la Kigiriki na kuipuuza desturi iliyolihifadhi ametwaa ganda, akatupa kiini.

Hapo ndipo nilipomkumbusha kaka jina la mama yetu, ambaye sasa ni nyanya mzaa baba wa mtoto huyo. Mama anaitwa Truphosa. Kaka alilipuuza akidai ni jina la kizamani la vikongwe wa kijijini. Hakujua kwamba hilo nalo ni la Kigiriki! Katika Biblia ya Kiswahili limeandikwa Trifosa, nalo limo katika Waraka kwa Warumi 16:12, sambamba na Trifaina, ambaye kwetu magharibi mwa Kenya huitwa Truphena. Majina yote mawili yanatokana na neno lenye maana ya kuishi kwa raha na ulaini. Ajabu ni kwamba Mtume Paulo anawasalimu wanawake hao kwa sababu ya bidii yao ya kazi. Nami humwona mama yangu papo hapo, kwani raha hakuijua. Alitusomesha kwa jembe.

Huko Uingereza na Marekani, utatafuta sana kabla ya kumpata Truphosa mmoja. Kwa hiyo kaka alikuwa akitafuta mbali kitu kilicho jikoni kwa mama yake.

Wanakiswahili wenzangu, tunajifunza onomastiki darasani, kisha tunaiacha humo. Tuitoe nje. Kila mmoja wetu awaulize wazee wake asili ya majina ya ukoo, ayaandike na kuyafafanua kwa Kiswahili, kabla wenye kumbukumbu hawajatutoka. Na mzazi anapotuomba jina, tumweleze maana yake kwanza, ndipo achague.

Kaka angali anatafakari. Siku ya ubatizo haijawadia, na mama hajasema neno. Lakini juzi nilimsikia akimwita mjukuu wake "wajina", kisha akanyamaza.