Idhini si Maoni

Wapo malenga wetu, na baadhi yao ni mabingwa ambao beti zao nimezihifadhi moyoni, wanaosema kuwa kutafsiri sheria si kazi ya mshairi. Hiyo, wasema, ni kazi ya mawakili na makarani. Mshairi abaki na vina na mizani yake. Kauli hii naipinga. Naipinga nikiwa Ilembula, wilayani Wanging'ombe, mkoa wa Njombe, mbali na mawimbi yenu, mahali ambapo neno moja lililopotoshwa laweza kumwondolea mtu shamba.

Mtunga sheria mkuu wa Athens alikuwa mshairi. Solon, mnamo mwaka 594 kabla ya Masihi, alikabidhiwa mji uliokuwa ukingoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Maskini walikuwa wamezama katika madeni, mashamba yao yamesimikwa mawe ya alama, na wengine wameuzwa utumwani. Solon aliyafuta madeni hayo, akakataza mkopo ambao rehani yake ni mwili wa mkopaji, na sheria zake zikaandikwa juu ya mbao na kuwekwa hadharani. Alipolaumiwa, alijitetea kwa mashairi. Katika shairi mojawapo aliiita ardhi yenyewe imtolee ushahidi kwamba ni yeye aliyeyang'oa mawe yale. Akawataja pia watu aliowarejesha kutoka ughaibuni, ambao kwa kutangatanga walikuwa wameisahau hata lugha ya kwao. Msomaji asipite hapo mbiombio. Katika hesabu ya madhara ya dhuluma, mshairi yule aliitia na lugha iliyopotea.

Nitajibiwa kuwa Plato aliwafukuza washairi. Ni kweli, katika kitabu chake cha Jamhuri. Lakini uzeeni aliandika kitabu kirefu kuliko vyote, Sheria, nacho wanaonijibu hivyo naona hawakukifungua. Humo ametaja matabibu wawili. Mmoja ni mtumwa anayewatibu watumwa: huamuru, kisha hukimbilia mgonjwa mwingine. Wa pili ni muungwana: huzungumza na mgonjwa na jamaa zake, wala hatoi dawa kabla ya kumridhisha. Sheria njema, asema, imwige huyu wa pili; itangulize dibaji ya kumshawishi raia ndipo imwamuru. Ilembula ina hospitali ya Kilutheri ya miaka mingi, na mfano huo hauhitaji ufafanuzi kwa mkazi wake yeyote. Tena, wapenda mashairi, lifurahieni hili: neno la Kiyunani nomos lina maana ya sheria na pia ya aina ya wimbo, na Plato aliuchezea udugu huo makusudi.

Turudi kijijini. Kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo yapasa uitwe kila baada ya miezi mitatu. Waathens wa karne ya nne kabla ya Masihi walikutana kama mara 40 kwa mwaka, lakini wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na sauti. Kwa maandishi, basi, tumewapita. Ila maandishi yenyewe yalikuwa ya Kiingereza! Ni Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama huku Bara, miaka 60 baada ya uhuru.

Sasa litazameni neno lenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 8, inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla ya kupata idhini ya mkutano mkuu. Kwa sheria ndogo ni vingine: wanakijiji huitwa watoe maoni, na anayeidhinisha ni halmashauri ya wilaya. Mwenye idhini aweza kukataa, na akikataa jambo limekufa. Mwenye maoni husikilizwa, akashukuriwa, akaenda zake. Basi akisimama kiongozi wa kijiji chochote kile akasema, "Tumewaita mtoe maoni juu ya ombi la ardhi," mkulima atatoa maoni yake, yataingia katika muhtasari, na karatasi ya mahudhurio aliyotia saini itageuzwa idhini. Hakuna aliyefoka wala aliyevunja mlango. Limebadilishwa neno tu. Nani wa kuligundua upesi kuliko mtu aliyetumia umri wake kupima maneno? Semina za utawala bora tumezihudhuria tangu miaka ya 1990, na posho tumekula; tofauti hii sikuisikia ikifundishwa.

Wala sizui jambo geni. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitupa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954; mwaka 1963 alikuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Hakuna aliyemwambia arudi kwenye vina vyake.

Tafsiri za sheria zipo na nyingine zinakuja. Zipitiwe na malenga, kifungu kwa kifungu, kisha zisomwe kwa sauti mbele ya watu zinaowafunga. Mimi nimeanza na kifungu cha 8. Anayekitaka cha 9 na amwandikie mhariri.