Boti Iko na Spika Nane, Impela Je?

Wasee, hii itawauma wengine, lakini imenikaa rohoni tangu likizo ya Desemba. Kuna ugonjwa umetuingia sisi vijana wa Meru na Embu tulioanza kumiliki boti: tunapamba kabla ya kutengeneza. Boti inashushwa Masinga ikiwa na taa za buluu kuzunguka mbavu zote, spika nane, jina limeandikwa kwa herufi za dhahabu, halafu ukimuuliza mwenyewe impela ilibadilishwa lini anakukodolea macho. "Impela ndiyo gani?" Buda, hiyo ndiyo inakurudisha ufukweni.

Najua kuna mtu tayari anacheka, kwani Meru kuna bahari? Hakuna. Lakini tuko na Tana, na Tana imefungwa mara tano kama ngazi: Masinga ya 1981 ikiwa juu, halafu Kamburu, Gitaru, Kindaruma ambayo ndiyo ya kwanza kujengwa, 1968, na Kiambere ya 1988. Sisi wa Embu tunapitia Kiritiri tu na tuko majini. Wa Makutano kule Meru wanavuta trela kupitia Chuka na Runyenjes. Pesa ni ya muguka, ya miraa, ya chama, wengine ya kontenti. Boti yenyewe ni mtumba kutoka Pwani. Na mimi siongei kwa wivu: mimi na binamu zangu wawili tuko na yetu, fibaglasi ya futi 16, injini ya hosipawa 40, stroku mbili. Haina spika hata moja. Tunaimba.

Sasa skiza. Injini ya boti haina rediaita. Inapozwa na maji ya bwawa lenyewe. Kule ndani ya mguu wa injini kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa, kinatoshea kwa kiganja, na ndicho kinavuta maji na kuyapandisha juu. Hicho ndicho impela. Kikichakaa injini inachemka, na ikichemka vya kutosha pistoni zinakwama na umebaki na chuma cha kuuza kwa kilo. Pale nyuma kuna katundu kadogo kanatema maji injini ikiwa inanguruma. Kakitema kwa nguvu, uko poa. Kakianza kudondosha tonetone, zima injini hapo hapo. Mafundi wengi watakwambia ubadilishe huo mpira kila mwaka hata kama unaonekana mzima. Bei yake haifiki hata robo ya spika moja kati ya zako nane.

Na hapa kwetu inaisha haraka kuliko kwa wenzetu wa Diani, kwa sababu maji yetu yanabeba shamba. Mvua ikinyesha Embu mjini, Rupingazi inageuka rangi ya chai ya maziwa, inaingia Thiba, Thiba inaingia Kamburu. Ule ni mchanga wa mteremko wa shosho yako unapita katikati ya mpira wa impela yako kama msasa. Watu wanafikiri kwa vile hakuna chumvi basi hakuna kazi. Ni kweli chumvi hailambi vyuma vyetu. Lakini baada ya mvua, injini inafaa kuoshwa kwa maji safi ya mfereji, dakika kumi tu. Wangapi wanafanya? Wanaosha bodi kwa shampuu ndio picha itoke.

Tukija kwa injini kubwa. Hii ndiyo mada inaleta vita. Msee ananunua boti yenye injini ya 40, anaona ikiwa na watu watano haiamki, anaenda kukopa ili aweke ya 75. Ni akili ile ile ya Subaru. Hujabadilisha plagi lakini unaongea juu ya tabo.

Ngoja nikuonyeshe kinachofanyika. Ile boti ilitoka Mombasa, na ilipangwa ikimbie usawa wa bahari. Masinga ikijaa, maji yako mita 1,056.5 juu ya bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita elfu. Kwa hivyo 40 yako imekuwa kama 36 na wewe hujui. Halafu bado inazungusha propela ile ile ya Pwani, yenye mkunjo mrefu. Ni kama kupanda mlima Kiang'ombe na gia ya nne. Dawa ya kwanza ni propela ya mkunjo mfupi. Kila inchi moja unayopunguza huongeza mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika ukiwa umefungua moto wote. Unasoma kwenye kitabu injini yako inatakiwa ifike mizunguko mingapi, unaweka mita ya kuhesabu, unajaribu ukiwa na watu na mafuta kama kawaida yako. Ikifika pale kitabu kinasema, shida yako imeisha na hujakopa mtu. Sisi tulifanya hivyo. Boti inaamka na watu watano bila kuguna.

Na ukiweka hiyo 75, nani amekuambia ule ubao wa nyuma utaibeba? Watu wa Pwani wanauita mwisho huo tezi. Boti nyingi za kiwandani ziko na kibati kinachosema hosipawa ya mwisho na idadi ya watu. Kibati si cha urembo. Injini nzito inakalisha boti matako, maji yanaingia kwa nyuma ukipunguza mwendo ghafla, na ule ubao ukiwa umeoza ndani ya fibaglasi, injini inaweza kung'oka na kipande cha boti. Kabla uongee juu ya hosipawa, shika kichwa cha injini uitikise juu na chini, uangalie kama ubao unapumua. Ukipumua, pesa yako inaenda pale kwanza.

Spika nazo, sichukii muziki. Nachukia betri moja. Amplifaya kubwa ikinyonya betri ile ile ya kuwasha injini tangu saa nne asubuhi, saa kumi na moja jioni unageuza ufunguo unasikia "tik". Uko katikati ya bwawa, upepo umeanza, viboko wanaamkia zamu yao, na wewe uko na pleilisti. Weka betri mbili na swichi ya kuzitenganisha. Uko na kasia? Uko na nanga? Kama jibu ni "tutapigia mtu simu", kumbuka kuna kona za Masinga simu inashika laini moja halafu inaachilia.

Sasa nifike pale pananiuma.

Kuna kamba nyekundu, imejikunja kama waya ya simu za zamani. Upande mmoja unaingia kwa swichi ya injini, upande wa pili unafungwa kwa mkono au goti la dereva. Dereva akianguka, kamba inatoka, injini inazima. Hiyo tu. Bila hiyo kamba, boti isiyo na mtu usukani haiendi mbele ikapotea. Mara nyingi injini inajipinda yenyewe na boti inaanza kuzunguka duara, inarudi pale pale ulipoanguka, propela ikiwa mbele yako na hakuna mtu wa kuizima. Nimeona boti tatu Desemba hii ambazo ile kamba imefungwa kwa swichi kabisa kwa zipu ya plastiki "ndio isisumbue". Dereva amesimama, kopo mkononi, watoto wa watu wako mbele wanarekodi. Hiyo si raha. Huyo ni mtu anacheza kamari na maisha ya watu hawajui wamewekwa mezani.

Laifu jaketi nazo zimekuwa mto wa kukalia. Au ziko nne na watu ni tisa. Au ni zile za sponji inayonyonya maji, ukiitupa bwawani inaelea dakika chache halafu inaaga. Ijaribu kabla ya kubeba mtu. Na soma namba: ile ya nyutoni 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na yuko macho, ile ya 100 kwenda juu imetengenezwa imgeuze mtu aliyezirai uso ukae hewani. Mtoto anavaa ya mtoto, yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo anateleza kutoka kama ndizi kwa ganda.

"Mimi najua kuogelea." Sawa, Phelps. Uliogelea kwa bwawa la hoteli lenye vigae. Tana iko na mamba.

Mnakumbuka ile video ya Kona Punda, kule Garissa, Aprili 2024? Mafuriko, boti ya abiria inaenda chini, watu wako ng'ambo wanarekodi na kupiga mayowe. Watu 23 waliokolewa. Wengine hawakurudi. Yale maji ni yetu. Yalikuwa yamefurika Masinga, yakashuka Kiambere, yakafika kwao. Wiki hiyo kila mtu wa hapa aliandika pole. Miezi kadhaa baadaye tunajaza boti watu tisa ndio picha ionekane imebamba.

Najua mtasema serikali. Serikali iko: Kenya Maritime Authority ndiyo inasimamia usalama wa vyombo vya majini, na sheria haisemi bahari peke yake, maji ya bara yamo. Boti inasajiliwa na kukaguliwa. Lakini ukweli tunaujua sote: jioni ya tarehe 26 Desemba hakuna mkaguzi amejificha nyuma ya mgunga akingoja kuhesabu jaketi zako. Dereva ndiye serikali hapo. Akiwa amelewa, serikali imelewa.

Kitu kingine hatukisemi ni wavuvi. Bwawa hili si letu sisi wa wikendi. Kuna wazee na vijana wa rika letu wanatoa ngege na kambare hapo usiku na mchana, na nyavu zao ndizo karo ya shule. Unapita juu yake kwa mwendo wa kuchoma, unakata, unapunga mkono. Na hata kama huna huruma, kuwa na ubinafsi basi: ule uzi mwembamba wa nyavu unajizungusha kwa shafti nyuma ya propela, unakata sili, maji yanaingia kwa gia. Fungua skrubu ya chini uangalie mafuta ya gia. Yakiwa meupe kama maziwa, ule wavu umelipiza. Kutoa propela na kuangalia kama kuna uzi ni kazi ya dakika tano, na wengi wenu hamjawahi kuifanya tangu mnunue. Ukikata wavu, tafuta mwenyewe ulipe. Yeye ndiye atakuvuta siku betri itakuwa imeisha.

Wao pia ndio wanajua mawe. Bwawa linapanda na kushuka. 2009 kulikauka hadi mitambo ya umeme ya Masinga ikazimwa, 2024 lilimwagika. Jiwe ambalo Agosti liko futi nane chini, Februari liko kwa propela yako. Hakuna programu ya simu itakuonyesha. Muulize mzee, mwite mzee, mnunulie chai.

Na trela. Aki trela. Watu wa Meru, nyinyi mnapita daraja la Nithi na boti mgongoni. Mnajua pale ni wapi: Julai 2022 basi lilitoka barabarani pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Halafu unashuka ule mteremko na trela isiyo na breki, magurudumu ya mtumba, na beringi zilizochemka kutoka Chuka ambazo utazitumbukiza moja kwa moja kwa maji baridi. Beringi ya moto ikiingia kwa maji baridi inayavuta ndani, grisi inaharibika, na wikendi ya pili gurudumu linakupita barabarani likienda peke yake. Fika, kunywa chai, guza habu. Ikiwa imepoa ndio ushushe boti.

Kuna beshte yangu aliniambia nimekuwa kama mwalimu wa zamu, nawaharibia vaibu. Yeye ndiye mwenye taa za buluu. Nilimuuliza tu kama mamake anaweza kupanda hiyo boti, na akanyamaza kidogo, akasema mamake haogelei. Na wale wasichana wa chuo aliowabeba siku hiyo, wanaogelea? Hakuwa amewauliza.

Taa si dhambi. Ukishamaliza impela, kamba nyekundu, jaketi za kila kichwa, pampu ya kutoa maji ngamani, kizima moto na hewa ya trela, weka taa za rangi zote, weka hata disko. Nitakuja nicheze. Lakini ukinitumia klipu ya boti mpya uniulize "naongeza nini?", nitakuuliza maswali kwanza, na usikasirike.

Jumamosi hii sisi tunafungua mguu wa injini pale Kiritiri, tunabadilisha impela na mafuta ya gia. Kama hujawahi kuona ndani ya hiyo kitu, karibu kuanzia saa tatu. Beba spana zako, na ile propela yako ya Pwani pia uje nayo tuipime. Spika uache nyumbani.