Mashine ya Kupumulia Si Ukosefu wa Imani



Leo nasema juu ya yule ndugu anayesinzia kanisani. Unamjua. Mahubiri hayajafika popote, kichwa kimeanguka. Kazini anasinzia, kwa usukani anasinzia, na nyumbani mke amehamia chumba cha watoto kwa sababu ya kukoroma. Tumekemea roho ya usingizi, tumempaka mafuta, na Jumapili iliyofuata amelala tena.

Mpendwa, si kila usingizi ni wa kukemewa. Kuna ugonjwa unaoitwa apnia ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba na pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi. Ubongo unamshtua, anavuta hewa kwa nguvu, analala tena. Asubuhi hakumbuki lolote. Kwa aliyezidiwa, hilo hutokea mara 30 au zaidi kwa saa moja. Piga hesabu: akilala saa 6, ni mara 180. Huyo amelala kweli? Ndiyo maana anaamka kichwa kikimuuma, presha haishuki, na moyo unachoka. Na kama ni dereva wa matatu, watu 14 wako mikononi mwake.

Madaktari wakishampima usiku, wengi huwapa mashine inayoitwa CPAP. Si oksijeni. Inachukua hewa ya chumbani, inaisukuma kupitia mpira hadi kwenye maski, na msukumo huo unazuia koo lisifunge. Imejulikana tangu 1981, kazi ya daktari Colin Sullivan wa Australia.

Sasa nakuja kwako wewe ambaye mashine yako iko chini ya kitanda. Umeificha kwa sababu mtu alikuambia mwamini hategemei mashine. Fungua Biblia. Katika Matendo 28, Paulo aliweka mikono juu ya baba yake Publio akapona. Paulo huyo huyo, katika 1 Timotheo 5:23, alimwagiza Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Je, upako ulikuwa umemwishia? Hezekia naye alishaahidiwa miaka 15, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Ahadi ilitoka kwa Mungu, na tini zikatumika.

Najua wiki za kwanza ni ngumu. Maski inabana, mdomo unakauka, unajiona kama umefungwa. Usikate tamaa usiku wa tatu. Ivae mchana ukitazama habari, uizoee ukiwa macho. Ikivuja hewa au ikikuumiza, rudi ubadilishiwe saizi. Ukikauka koo, uliza kuhusu kile kisehemu cha maji kinacholainisha hewa. Osha maski kila siku kwa sabuni isiyo kali. Stima ikipotea, lala ubavu, usilale chali. Na uvae kila usiku, hata ukiwa safarini, maana mashine haiponyi koo. Inalishikilia wazi wakati umeivaa tu.

Wewe mke au mume, usimcheke na hiyo maski. Mwambie unavyofurahi kumsikia akipumua.

Nanyi watumishi wenzangu, tuombe, na tuombe kwa bidii, kwa maana Yesu bado anaponya. Lakini usimwambie mtu arudishe mashine kwa sababu umemwombea. Wale wakoma kumi wa Luka 17 Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Uponyaji wa kweli hauogopi kukaguliwa. Apimwe tena, daktari aseme, kisha tutashangilia ushuhuda pamoja.

Neno la mwisho ni la kanisa lote. Mashine hizi ni ghali. Mtu akifa usingizini tunafungua kundi la WhatsApp jioni hiyo hiyo, na kufikia Ijumaa pesa za jeneza na mabasi zimepatikana. Ndugu zangu, kwa nini tusimchangie angali anapumua?

Kama unakoroma sana na mchana unasinzia, wiki hii nenda ukamwone daktari. Kama unayo mashine, itoe chini ya kitanda leo usiku. Omba, ivae, ulale.

Bwana akupe usingizi wa amani na akuamshe na nguvu. Andika Amina, kisha mtumie huyo uliyemfikiria ukisoma.